Jina Lililosomwa Mara Mbili

Kwa Novemba tatu mfululizo, katika kanisa la kigango chetu karibu na Dutwa, nilisikia jina la Luhende likisomwa mara mbili katika ibada moja. Kwanza lilisomwa kati ya walio safarini, tukamwomba Mungu amrudishe salama. Baada ya dakika chache lilisomwa kati ya askari waliokufa vitani, tukamwomba Mungu ampe raha ya milele. Msomaji alikuwa mmoja na sauti yake haikubadilika. Jina liliposomwa mara ya kwanza alisimama mama yake. Liliposomwa mara ya pili alisimama mkewe. Wote wawili walikuwa wamekaa benchi moja.

Msomaji huyo tulimwita Katekista. Mkewe pia alimwita hivyo, hata akimwita kula.

Nilifika kijijini pale kufundisha shule ya msingi mwaka mmoja baada ya watu kuhamishwa kutoka kwenye maboma yao na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Wakati huo tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Nilimkuta tayari ana mvi, mtu mrefu mwenye shingo ndefu, shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu, na miguuni katambuga za tairi la lori. Padre alitufikia kwa pikipiki mara moja kwa miezi miwili, mvua ikiruhusu. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa yeye. Aliongoza ibada, alizika, alibatiza watoto waliokuwa katika hatari, aliamua ugomvi wa ndoa.

Wanafunzi wake wa dini aliwafundishia shambani, wakati wa palizi ya pamba. Aliuliza swali mwanzo wa mstari na jibu alilitaka mwisho wa mstari, ili mtu apate nafasi ya kufikiri. Wajanja walijibu upesi na kuruka majani. Aliwarudisha. "Umejibu vizuri," alimwambia mmoja mbele yangu, "lakini magugu yamekusikia na bado yamebaki."

Hakuwa mtu wa kupigizana kelele na wakubwa, ila hakuwa mwoga. Mwaka mmoja mwenyekiti wa kijiji alitangaza kazi ya shamba la kijiji Jumapili asubuhi. Katekista hakupinga mkutanoni. Alihamisha ibada ikawa alfajiri, watu wakaingia kanisani na majembe, wakayalaza chini ya mabenchi. Wiki iliyofuata mwenyekiti alimsimamisha njiani.

"Katekista, watu wako wanasinzia shambani."

"Wa kwako wanasinzia mkutanoni, mwenyekiti. Tusamehane."

Kazi ikarudishwa Jumamosi.

Lakini huyohuyo aliyetuhubiria kusamehe saba mara sabini alikuwa hasemi na ndugu yake wa tumbo moja. Waligombania dume la ng'ombe la urithi zamani, wakiwa bado wanaishi mbalimbali. Operesheni ya vijiji haikuuliza nani hasemi na nani. Iliwapanga nyumba kwa nyumba. Wakawa wanachota maji kisima kimoja na kusalimiana kwa kupitia kwa wake zao. "Mwambie shemeji yako mbuzi wake wamo kwenye mihogo yangu." Mtu mwenyewe amesimama pale pale, anasikia.

Vita na Idi Amin vilipoanza, vijana wetu wa mgambo walichukuliwa kwa malori. Luhende alikuwa mmoja wao. Mama yake hakujua kusoma, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu aliyekuwa jirani, nilimwandikia barua na kumsomea majibu. Luhende aliandika vizuri, kwa herufi zilizolala. Barua yake ya mwisho ilitoka Bukoba. Alisema wana afya, wanangoja kuvuka, na mkewe Minza asiuze yule ndama.

Askari waliporudi, malori yalipita Dutwa watu wakishangilia na matawi mikononi. Kijiji chetu kilipata barua nne za serikali, za vijana wanne. Mmoja alikuwa mtoto wa yule ndugu wa Katekista. Kuhusu Luhende haikuja barua, na Luhende hakuja.

Hapa inafaa nieleze namna Katekista alivyowaombea askari, maana sijaiona mahali pengine. Yeye mwenyewe alikuwa ametumikia jeshi la Mwingereza ujanani, akafika Burma. Hakusimulia vita. Alichotoka nacho huko ni desturi ya kuita majina kwenye paredi: jina linaitwa, mtu anaitika, asipoitika linaitwa tena hadi mara tatu, kisha mwandishi anapiga alama na kwenda kwa mwingine. Siku ya Marehemu Wote alifanya vivyo hivyo, isipokuwa kwamba aliyeitika alikuwa ndugu. Aliita jina la askari. Ndugu mmoja alisimama akasema, "Nipo kwa ajili yake." Ndipo kanisa lote likajibu, "Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie." Pasiposimama mtu, hakuendelea. Aliita tena. Wakati mwingine mzee wa mbali katika ukoo alisukumwa kiwiko na wenzake hadi akainuka.

Jina la mtoto wa ndugu yake aliliita kama mengine. Ndugu yake alisimama, akaitika akiwa ameutazama ukuta. Wawili hao walikuwa wametengana hatua tano. Baada ya ibada kila mmoja alipita mlango wake.

Mwenye duka mmoja wa Dutwa, Mwislamu, alikuwa amempoteza mpwa wake katika vita hivyo hivyo. Alisikia habari za majina, akaja na baiskeli hadi nyumbani kwa Katekista. Nilikuwapo.

"Na wangu msomee," alisema. "Sisi tumeshamsomea kwetu, lakini waliondoka lori moja."

Mzee mmoja wa kanisa akaguna. "Huyo si wa kwetu. Ni Mwislamu."

"Risasi ilimwuliza?" Katekista akasema, akaandika jina.

Siku ya ibada mwenye duka alisimama mlangoni, kofia yake ya kiua kichwani. Jina lilipoitwa akaitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kosa la Katekista lilitokea Novemba ya kwanza baada ya vita, na lilitokana na huruma. Siku chache kabla, koplo mmoja aliyekuwa akirudi kwao Nassa alishuka basi Dutwa, akamtafuta. Alimwambia kwamba gari la kina Luhende lililipuka barabarani ng'ambo ya mto, na kwamba alisaidia kuzika. Akala, akalala, asubuhi akapanda basi. Katekista hakumwambia mtu. Alikwenda kanisani akaandika jina la Luhende chini ya yale mengine, na siku ya ibada akaliita.

Nilikuwa benchi la tatu. Minza akapiga ukelele na kusimama. Kuitika alishindwa. Mama Luhende hakusimama. Alimtazama Katekista, akauliza kwa Kisukuma, taratibu kama mtu anayeuliza bei, nani amemwambia.

Katekista aliita jina mara ya pili. Nadhani alikuwa hajui la kufanya zaidi ya kile alichokizoea. Minza akasema, "Nipo kwa ajili yake." Nasi tukajibu.

Kwetu wakati ule, lililosomwa kanisani lilikuwa limethibitika. Mtu hakuuliza kama karatasi ya serikali imekuja. Kufika mchana moto wa matanga ulikuwa umewashwa kwa kina Luhende, na ng'ombe ameangushwa. Wajomba waliletewa wembe. Minza alinyolewa. Mama alipofikiwa na wembe alifunga kitambaa chake fundo la pili, akaingia ndani.

Wiki mbili baadaye Katekista alikwenda mjini Bariadi kutafuta karatasi. Karani mmoja alipitia orodha za waliokufa, akapitia za waliorudi. Luhende hakuwa katika yoyote. "Mimi ninacho hiki nilicholetewa, mzee," alimwambia, na alimwambia kwa upole.

Aliporudi aliniomba nimsindikize kwa mama Luhende, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikisoma barua.

"Mwadila, mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mwalimu, kaa hapo. Wewe Katekista simama."

Akasimama, kofia mkononi.

"Mayu, nimekosa. Nimekwenda mjini nimeuliza. Karatasi haipo."

"Kwa hiyo hajafa."

"Sijasema hivyo."

"Juzi karatasi haikuwepo ukasema amekufa. Leo karatasi haipo, kusema yuko hai unashindwa?"

Minza alikuwa amekaa kizingitini, kichwa kimeanza kuota vinywele.

"Unataka nifanye nini, mayu?"

"Umemwua mwanangu kwa kalamu, mbele ya watu. Mwandike mzima mbele ya watu hao hao."

"Na mimi je?" Minza akadakia. "Nimenyolewa mimi. Nimelala chini siku zote za matanga. Mkimtoa kwa marehemu mtanivika nini?"

"Nywele zitaota," mama akasema.

"Nywele zitaota, mama. Lakini mwanao anajua kuandika. Kama ni mzima, mbona haandiki?"

Mama aliinuka akaenda kugeuza viazi vyake vilivyoanikwa juani, ingawa vilikuwa vimekwisha geuzwa.

Ndivyo yalivyoanza yale majina mawili. Mama alitaka mwanawe aombewe kama mtu aliye njiani. Minza alimtaka kati ya marehemu, na hakuwa na ubaya: alikuwa kijana, na bila mume kuthibitika amekufa asingeweza kufunga ndoa nyingine kanisani. Katekista akawapa wote wawili walichotaka. Padre alipopata habari alimwita chini ya paa la shule, mimi nikiwa natoa madaftari darasani.

"Katekista, mtu mmoja hawezi kuombewa mzima na marehemu. Chagua."

"Chagua wewe, padre. Mimi nilishachagua mara moja."

Padre, kijana wa watu, alikunywa maji aliyopewa, akatazama pikipiki yake, akasema watalizungumza safari nyingine. Hawakulizungumza.

Katekista alikuwa mkali sana kwa wanaokwenda kwa wafumu kupiga ramli. Aliyejulikana amekwenda alikaa benchi la nyuma miezi mitatu, hata awe mzee wa kanisa. Mwaka wa pili habari zilienea kwamba mama Luhende amekwenda kwa mfumu na kuku mweupe, kuuliza kama mwanawe yu hai. Jumapili ile watu waligeuka kumtazama Katekista atafanya nini. Mama alikaa benchi lake la siku zote. Katekista akaanza ibada.

Wazee walimfuata baadaye. "Mbona wengine uliwapeleka nyuma?"

"Wengine walikwenda kwa mfumu wenyewe," akasema. "Huyu nimempeleka mimi."

Tangu Novemba ile ya kwanza alipungua. Nasema hivyo kwa kuwa niliona: alianza kuuliza mara mbili mambo madogo. Mtu akimwambia mtoto anaumwa, aliuliza nani kakuambia, ulimwona mwenyewe, alikuwa amelala ubavu upi. Kabla ya kutangaza ndoa alizunguka kwa majirani hadi watu wakakereka. Sauti yake ya kuita majina ilibaki ileile, lakini kati ya jina na jina alianza kukaa kimya muda mrefu, watoto wakaanza kulia mikononi mwa mama zao.

Mimi nikahamishiwa Kiloleli. Minza naye alikwisha kuja huko, akiishi na mkulima mmoja wa mpunga, mtu mtaratibu. Hawakuwa wamefunga ndoa, kwa kuwa kifo cha Luhende hakikuthibitishwa. Kila Jumapili wakati wa komunyo Minza alibaki amekaa, mtoto mapajani, watu wakimruka miguu.

Alasiri moja ya kiangazi nilitoka darasani nikamkuta Katekista ameegemeza baiskeli kwenye ukuta wa nyumba yangu. Alikuwa amekwisha kuacha kazi. Kigango kilikuwa na katekista mwingine, kijana. Shati lilikuwa lile lile jeupe, kifungo cha juu kimefungwa, ila shingo ilikuwa imekonda ndani ya kola. Nilimpa maji. Alinawa uso, akanywa yaliyobaki.

"Natoka Nassa," alisema. "Nimempata yule koplo. Anavua siku hizi."

"Amesema nini?"

Alianza mbali.

"Mwalimu, nitakuambia jambo ambalo sikulisema kwa mayu. Siku ile koplo alipolala kwangu, alinieleza kila kitu, na mwisho akaniambia, 'Mzee, uso sikuuona.' Nilimsikia vizuri. Hakukuwa na kelele."

"Na ukaandika?"

"Niliandika. Kule Burma tulimwacha mwenzetu mtoni. Asubuhi jina lake likaitwa mara tatu. Mimi nilijua yuko wapi, nikakaa kimya, maana ningesema wangenirudisha nikaonyeshe mahali. Akapigwa alama ya mtoro. Kwao hawakumwombea hata siku moja, walimlaani." Akakung'uta vumbi katika kofia yake. "Nikasema huyu wa pili asikose mtu wa kusema kwa ajili yake. Basi nikasema kabla ya kujua."

Nikauliza koplo aliona nini basi, kama uso hakuuona.

"Hilo ndilo sikumwuliza siku ile. Nimemwuliza juzi. Anasema alimshika miguu wakati wa kuzika. Mguu mmoja ulikuwa na kovu refu chini ya goti, la plau. Kushoto."

Katika nchi ya watu wanaolima kwa ng'ombe, wanaume wenye kovu la plau ni wengi. Lakini si wote wanalo, na si wote mguu huo.

"Minza angejua," nikasema.

"Nimetoka kwake sasa hivi." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nimemwuliza, 'Luhende alikuwa na kovu mguu wa kushoto?' Akasema ndiyo, lilikuwepo. Papo hapo, kabla sijafunga mdomo. Nikatoka nje nikakumbuka kwamba mguu nimemtajia mwenyewe. Mtu mwenye kiu ukimwuliza kama yale ni maji, atasema nini? Nimekosea tena, mwalimu. Uzee wote huu."

"Amebaki mama yake."

"Amebaki mayu."

Alilala kwangu. Asubuhi nilimsukumia baiskeli hadi barabarani. Nilimwuliza kama atamwuliza mama Luhende.

"Nikimtajia mguu tu, ataelewa ninatoka wapi," alisema. "Kovu likiwepo, nitakuwa nimemwua mara ya pili, na mara hii kweli. Lisipokuwepo, nitakuwa nimempa mtoto ambaye bado haandiki barua." Akapanda. "Wabeja, mwalimu, kwa maji na malazi. Msalimie Minza. Mwambie sikumwuliza vizuri."

Yaliyobaki niliyapata kwa katekista kijana. Alisema mzee alipofika kijijini alipitiliza nyumba yake, akaenda kwa mama Luhende. Walikaa uani kutoka adhuhuri hadi ng'ombe waliporudi, wakila matobolwa, vile viazi vya kuanika, na kunywa maji. Wapita njia waliwaona wakizungumza, na kuna wakati waliwaona wamenyamaza. Hakuna aliyesikia maneno. Novemba ilipofika, Luhende alisomwa kati ya walio safarini, mama yake akasimama. Upande wa marehemu, kwa kuwa Minza hakuwepo, kijana aliita jina mara mbili na hakuna aliyeinuka. Mara ya tatu alisimama Katekista mzee mwenyewe.

Alikufa kabla pamba haijavunwa. Nilikwenda kuzika. Ndugu yake ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza, analia kwa sauti, na watu hawakujua wamwangalie au wamwache.

Baada ya maziko mama Luhende alinivuta pembeni. Alikuwa amezeeka, kitambaa kichwani kimefungwa mafundo mawili.

"Mwalimu, Katekista alilala kwako Kiloleli. Alikuwa anatoka wapi?"

"Nassa, mayu."

"Kufanya nini?"

Jibu nililokuwa nalo halikuwa langu kulitoa. "Kununua dagaa," nikasema.

"Alifika kwangu mikono mitupu," akasema, akaondoka kwenda kusaidia wanawake kuteka maji.

Sijui kama alimwuliza. Mzee amekufa, na mama Luhende yupo, bado anasimama kila mwaka. Ningeweza kwenda kesho nikamwuliza kama siku ile uani walizungumza habari za mguu. Ila nikitaja mguu, nitakuwa nimemwuliza.